Luzira ina bandari na reli, mbona Kampala inazidi kutapakaa?

Na Mwandishi Wetu, Kampala

Mfanyabiashara anayetoka Goma, Juba au Bukoba kuja kununua bidhaa Kampala huwa na lengo moja tu, nalo ni kufika Kikuubo. Katika vichochoro hivyo vilivyobanana jirani na vituo vya mabasi na teksi ndiko anakopata sabuni, mafuta ya kula, vyombo vya plastiki na vitu vingine vingi kwa bei ya jumla. Taabu huanza akishamaliza kununua. Mzigo hubebwa kichwani au kwa mkokoteni hadi lilipo lori, nalo lori haliwezi kusogea kwa sababu teksi, pikipiki na wachuuzi wote wanagombea upana ule ule wa barabara. Siku nzima inaweza kwisha kabla hajatoka mjini.

Ukiondoka hapo na kuelekea kusini mashariki kwa takriban kilomita 10, kupitia Bugolobi na Kitintale, unafika Luzira. Hapa kuna gati ya Port Bell, reli inayoshuka hadi majini, kiwanda cha bia kilichoanzishwa mwaka 1946, maghala na barabara ya lami. Wengi walio nje ya Uganda hulijua jina la Luzira kwa sababu ya gereza lake kuu. Wachache wanakumbuka kuwa mlango wa Kampala kwa mizigo ya nje uliwahi kuwa hapa.

Inakuwaje basi jiji lenye gati na reli ndani ya mipaka yake linazidi kutambaa kuelekea Wakiso, Mukono na Mpigi, huku kitovu chake kikikosa hata nafasi ya kupita? Jibu linalosikika mara nyingi ni kwamba watu wamekuwa wengi na ardhi imekwisha. Jibu hilo lina ukweli nusu. Ardhi karibu na katikati ya jiji ipo, lakini imefungwa kwa hati zinazogongana, kwa kesi, kwa riba na kwa mgawanyo wa madaraka. Inayopatikana kwa haraka iko mbali, na huko ndiko watu wanakokwenda.

Takwimu zinasemaje

Katika sensa ya mwaka 2002, Kampala ilikuwa na watu 1,189,142, na wilaya ya Wakiso inayoizunguka ilikuwa na watu 907,988. Katika sensa ya mwaka 2024, Kampala ilifikia takriban milioni 1.8 na Wakiso takriban milioni 3.4. Kwa maneno mengine, katika miaka 22 jiji lenyewe liliongeza watu kama laki sita, wakati Wakiso iliongeza watu karibu milioni mbili na nusu.

Wengi wa watu hao hawakwenda Wakiso kulima. Walijenga Kira, Najjera, Namugongo, Nansana, Kajjansi na Bweyogerere, na asubuhi maelfu yao hurudi Kampala kufanya kazi, kuuza na kununua. Ndiyo maana katikati ya jiji hufurika mchana na kubaki tupu usiku. Watu hulala mbali na wanakofanyia kazi, na kila siku jiji hulipa gharama ya umbali huo kwa nauli, kwa mafuta na kwa muda.

Mlango wa zamani

Tukumbuke historia kidogo. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Kutoka hapo mizigo ya Uganda ilipakiwa kwenye meli, ikavuka ziwa na kushushwa upande wa Kampala. Gati ya Port Bell ilipewa jina la Hesketh Bell, aliyekuwa mtawala wa Kiingereza nchini humo, na ikaunganishwa na mji kwa reli fupi. Mwaka 1931 reli ya nchi kavu kutoka Kenya ilifika Kampala yenyewe, na tangu hapo mizigo mingi ya Mombasa haikuhitaji tena kupita ziwani.

Hata hivyo bandari haikufa. Kuanzia miaka ya 1980, meli zinazobeba mabehewa ya treni, zikiwemo MV Kabalega, MV Pamba na MV Kaawa za Uganda, MV Umoja ya Tanzania na MV Uhuru ya Kenya, ziliiunganisha Port Bell na Mwanza na Kisumu. Behewa liliweza kutoka Dar es Salaam, kuvuka ziwa na kuingia Kampala bila mzigo kushushwa. Mwezi Mei mwaka 2005 MV Kabalega iligongana na MV Kaawa na kuzama. Baada ya hapo meli za Uganda zilikaa bila kazi kwa miaka mingi. Safari za mizigo kati ya Mwanza na Port Bell zilifufuliwa mwaka 2018.

Katika miaka hiyo ya ukimya, lori lilichukua kila kitu. Shehena ya Kampala iliingia kwa Malaba, Busia na Mutukula. Kampuni ya kigeni iliyopewa mkataba wa kuendesha reli za Kenya na Uganda mwaka 2006 haikuubadilisha mwelekeo huo, na upande wa Uganda mkataba wake ulivunjika miaka 11 baadaye. Maghala yakafuata magurudumu na kujipanga Nakawa, Bweyogerere na Namanve, kandokando ya barabara ya Jinja. Kazi zilipohamia huko, na wapangaji nao wakahamia. Jiji linalolishwa kwa lori hurefuka kufuata barabara, na Kampala imerefuka hivyo.

Ardhi moja, wenyewe wawili

Sababu kubwa zaidi ya kutapakaa ni ardhi. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uligawa ardhi kwa maili za mraba kati ya Kabaka, machifu, watu mashuhuri na serikali ya kikoloni. Hapo ndipo lilipotoka jina la mailo. Wakulima waliokuwa wakiishi juu ya ardhi hiyo walijikuta wapangaji wenye vibanja. Sheria ya mwaka 1928 iliwapa ulinzi, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 pamoja na marekebisho ya mwaka 2010 iliongeza ulinzi huo.

Matokeo yake ni kwamba kipande kimoja cha ardhi kinaweza kuwa na haki mbili halali kwa wakati mmoja. Mwenye hati hawezi kujenga kwa sababu kuna watu wanaoishi hapo, na hawezi kuwaondoa bila kuwalipa au bila amri ya mahakama. Mwenye kibanja hawezi kupata mkopo wa maana benki kwa sababu hana hati. Wote wawili wana haki, na kwa sababu hiyo ardhi inakaa vilevile. Atakayeilaumu sheria akumbuke kuwa bila ulinzi huo maelfu ya familia zingekuwa barabarani. Lakini gharama ipo, na jiji linailipa.

Mifano iko karibu na Luzira. Kilima cha Mutungo, kinachotazama ziwa, kimekuwa na mgogoro wa ardhi ya mailo uliokaa mahakamani miaka mingi. Mnunuzi mwenye akili akisikia neno kesi husogea mbele. Atakwenda Wakiso au Mukono, ambako mtu mmoja anauza shamba lake kwa viwanja vidogo, mwenyekiti wa mtaa anashuhudia, na baada ya wiki moja matofali yanashushwa.

Riba inaongeza uzito. Kwa muda mrefu riba ya mabenki ya biashara nchini Uganda imekuwa ikizunguka karibu asilimia 20. Kwa riba hiyo, mwalimu au mfanyabiashara wa kati hawezi kununua nyumba iliyokwisha jengwa katikati ya jiji. Anachoweza ni kununua kiwanja cha bei nafuu mbali na kujenga chumba baada ya chumba kadiri fedha inavyopatikana. Ujenzi wa namna hiyo hauwezekani Nakasero, lakini unawezekana Gayaza.

Barabara nazo zilisaidia. Barabara ya mzunguko ya kaskazini ilifunguliwa mwaka 2009, na barabara ya kasi ya Kampala hadi Entebbe ilifunguliwa mwaka 2018. Zote zilijengwa kupunguza msongamano na zina faida kwa mwenye lori. Lakini zilipofika, bei za viwanja vya pembeni zilipanda, wenye mashamba wakauza, na mabonde yakajazwa udongo. Barabara bila mpango wa ardhi huwa ndiyo tangazo la kuuza viwanja.

Kwa nini katikati hakufufuki

Wapo wanaouliza: kama pembeni kumejaa, kwa nini wawekezaji hawarudi katikati ya jiji? Vikwazo ni vingi, lakini vinne vinastahili kutajwa.

Cha kwanza ni historia ya umiliki. Mwezi Agosti mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka nchini. Majengo yao, ambayo yalikuwa sehemu kubwa ya kitovu cha biashara, yaliwekwa chini ya bodi ya udhamini ya serikali. Sheria ya mwaka 1982 ilifungua njia ya kuyarudisha, na kazi hiyo ilishika kasi miaka ya 1990. Lakini si kila jengo lilirudi kwa mwenyewe bila ubishi. Kuna majengo yaliyodaiwa na zaidi ya mtu mmoja, na hakuna anayetia fedha kukarabati jengo ambalo kesho anaweza kunyang'anywa.

Cha pili ni faida ya msongamano wenyewe. Mwenye jengo karibu na Kikuubo au vituo vya teksi hulikata katika vyumba vidogo vya maduka, kila kimoja kikiwa na mpangaji na kodi yake. Kodi ya vyumba hivyo vyote kwa pamoja ni kubwa kuliko ambayo angepata kwa kuweka makazi au ofisi. Wapangaji wamelalamika mara nyingi kuhusu kodi inayodaiwa kwa dola, na hata Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 haikumaliza manung'uniko. Mwezi Aprili mwaka 2024 maduka ya katikati ya jiji yalifungwa kwa siku kadhaa katika mgomo dhidi ya kodi na mfumo wa stakabadhi za kielektroniki. Mfanyabiashara anabanwa na mwenye jengo upande huu na mtoza kodi upande wa pili, lakini hahami, kwa sababu mteja wake wa Goma na Juba anamtafuta pale pale. Mwenye jengo anajua hivyo, na hana haja ya kubadilisha kitu.

Cha tatu ni usafiri. Karibu teksi zote, yaani zile ambazo Wakenya huziita matatu, huanzia na kuishia katikati ya jiji. Abiria wa Luzira anayekwenda Ntinda mara nyingi hulazimika kuunganisha njiani. Mpango wa kuziondoa bodaboda katikati ya jiji ulitangazwa mwaka 2020 na haukutekelezwa. Kampala haiko peke yake katika hili. Nairobi ilizuia matatu kuingia katikati mwezi Desemba mwaka 2018, abiria wakatembea kwa miguu kilomita nyingi, na amri hiyo ikasitishwa ndani ya siku moja. Dar es Salaam ilianza upande mwingine: ilijenga kwanza njia za mabasi yaendayo haraka, yakaanza kazi mwaka 2016. Mabasi hayo yana matatizo yake, lakini yalikuwepo kabla abiria hawajaambiwa waache daladala.

Cha nne ni madaraka. Mamlaka ya Jiji la Kampala, KCCA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2010, inaishia kwenye mpaka wa jiji. Ng'ambo ya mpaka kuna Kira, Nansana, Makindye-Ssabagabo na Entebbe, kila moja na baraza lake. Sheria hiyo hiyo ilitaja chombo cha kupanga eneo lote la jiji kuu, lakini kwa miaka mingi chombo hicho kilibaki kwenye karatasi. Athari zake zilionekana tarehe 10 Agosti mwaka 2024, wakati dampo la Kiteezi lilipoporomoka na kuua zaidi ya watu 30. Takataka zilikuwa za Kampala, dampo lilikuwa Wakiso, na waliofukiwa walikuwa watu waliojenga pembeni yake kwa sababu hapo ndipo walipomudu bei ya kiwanja.

Funzo la Nakawa na Naguru

Katika tarafa hiyo hiyo ya Nakawa ambamo Luzira imo, kuna mfano unaopaswa kusomwa na kila anayezungumzia kufufua jiji. Nyumba za Nakawa na Naguru zilijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Mwezi Julai mwaka 2011 zilibomolewa na mamia ya familia kuondolewa, ili kampuni ya kigeni ijenge mji mpya wa kisasa. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 2013. Miaka ilipita, nyasi zikaota, na mwishowe ardhi ikaanza kugawiwa wawekezaji wengine, jambo lililoishia kwenye uchunguzi wa Bunge.

Ardhi hiyo ni ya serikali, iko kando ya barabara ya Jinja, na haikuwa na ubishi wa mailo. Hata hivyo haikuzaa kilichoahidiwa. Kwa hiyo kufungua ardhi peke yake hakutoshi ikiwa watu wanaondolewa kabla fedha za ujenzi hazijaonekana. Waliobomolewa walikwenda wapi? Wengi walikwenda mbali zaidi, na kila aliyekwenda mbali aliongeza abiria mmoja katika foleni ya asubuhi.

Luzira inalipa deni la katikati

Kuna njia nyingine ambayo katikati ya jiji na Luzira vimefungwa pamoja, nayo ni maji. Mfereji wa Nakivubo hukusanya maji ya mvua na uchafu kutoka sokoni Owino, vituo vya teksi na eneo la viwanda, kisha huyapeleka kwenye kinamasi na hatimaye ghuba ya Murchison, upande wa Luzira. Kinamasi hicho kilikuwa kichujio cha bure. Kadiri kilivyolimwa na kujengwa, uchujaji ulipungua. Katika ghuba hiyo hiyo, upande wa Ggaba, ndiko jiji linakochota maji yake ya bomba. Uchafu ukizidi, dawa za kusafisha maji huzidi, na gharama hurudi kwa mteja.

Kinamasi cha Kinawataka, kati ya Luzira na Nakawa, nacho kimemegwa kwa viwanda na makazi. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipopanda kupita kiasi, maji yaliingia Port Bell na nyumba za mwambao. Wakazi wa kipato cha chini ndio waliohama kwanza. Nao walitafuta kiwanja cha bei nafuu, na kiwanja cha bei nafuu kiko nje ya jiji.

Nini kinawezekana

Hakuna dawa moja. Lakini kwa msomaji anayeishi kwa biashara ya mipakani, kuna mambo ya kuangalia na ya kudai kupitia vyama vyake.

Kwanza, mzigo wa jumla hauna sababu ya kupita katikati ya jiji. Tangu mfumo wa pamoja wa forodha wa Afrika Mashariki uanze mwaka 2014, ushuru wa bidhaa nyingi hulipwa kabla shehena haijaondoka bandarini. Kilichobaki ni mahali pa kushusha, kugawa na kuuza. Luzira ina gati, reli na eneo la viwanda. Soko la jumla lenye maghala ya kupangisha kwa gharama nafuu karibu na reli lingemvuta mnunuzi wa Mwanza na Bukoba bila kumlazimisha kuingia Kikuubo. Neno la msingi ni kuvuta. Kumfukuza mchuuzi kumejaribiwa mara nyingi, na mara nyingi amerudi.

Pili, meli ziwe na ratiba ya kuaminika. Mfanyabiashara anaweza kuvumilia safari ya polepole akiijua siku ya kuondoka. Hawezi kuvumilia meli ambayo hajui kama ipo. Bandari mpya inayopangwa Bukasa, upande wa Wakiso, isiwe sababu ya kuiacha Port Bell ichakae wakati ile nyingine haijakamilika.

Tatu, wanaoishi kandokando ya reli walipwe na waonyeshwe pa kwenda kabla ya tingatinga kufika. Mwaka 2014 wakazi wengi wa hifadhi ya reli walibomolewa. Reli ya Port Bell inapita Namuwongo, mtaa uliojaa watu wanaofanya kazi katika viwanda na masoko ya jiji. Wakisukumwa hadi Mukono, jiji litakuwa limefufua reli na kupoteza wafanyakazi wake.

Nne, eneo lote la jiji kuu lipangwe kwa pamoja. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mpango wa fedha kwa Kampala na mamlaka nyingine nane za Wakiso, Mukono na Mpigi. Fedha hizo zinaweza kujenga barabara na mitaro. Zikijenga barabara tu, bila kusuluhisha nani anaruhusu ujenzi wapi, zitakuwa zimeongeza tangazo jingine la viwanja.

Mara kadhaa limezuka wazo la kuhamisha gereza la Luzira na kuiweka ardhi yake ya mwambao katika hoteli na majumba ya kifahari. Siku likizuka tena, wafanyabiashara wasilipokee kama habari ya magereza tu. Ni swali la matumizi ya kipande kikubwa cha ardhi ya umma kilicho karibu kabisa na gati na reli. Kikienda kwenye majumba ya wachache, lori la Goma litaendelea kusubiri Kikuubo, na mpakiaji wake ataendelea kulala Wakiso na kuamka saa kumi alfajiri ili awahi kazini.